Uadilifu wa Mpangaji

Kila mchezo una mwanzo, na kila mwanzo una mtu aliyeutengeneza. Watazamaji humkumbuka aliyeshinda, na pengine humkumbuka aliyeshindwa. Ni mara chache sana humkumbuka aliyepanga. Walakini katika mambo ya wanadamu ni shida kupata kazi inayodai uaminifu zaidi kuliko ile ya kuutengeneza mwanzo ambao mtu mwingine ndiye atakayeutumia. Mtendaji hutazamwa na macho mengi. Mpangaji hutazamwa na dhamiri yake peke yake. Kwa hivi, yafaa kuuliza: mtu anayempangia mwenziwe mwanzo wa jambo ana wajibu gani, hasa ikiwa mwanzo huo, ukiwa mwema, utamfaidi mwenziwe na kumdhuru yeye mwenyewe?

Swali kama hili laweza kuulizwa mahakamani, shuleni au katika baraza la nchi, na huko majibu yake huwa marefu kwa sababu maslahi ni mengi. Ni afadhali liulizwe kwanza mahali padogo, ambapo mambo yote yaonekana kwa mtupo mmoja wa jicho. Mahali hapo ni meza ya mchezo wa pool katika nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma. Fikira itakayoanzia hapo itafika, kabla ya kwisha, mpaka Nduta, ambako neno kupanga lilikuwa na uzito mwingine kabisa.

Katika miji midogo ya nyanda hizo, Kibondo na Kasulu, kama katika miji mingi ya Tanzania, meza ya pool si kitu kigeni. Husimama katika baraza ya duka la vinywaji au chini ya paa la bati lisilo na kuta. Wakati wa kiangazi vumbi jekundu hutua juu ya kitambaa chake cha kijani, na mwenye meza hulifuta kwa kiganja kabla ya mchezo. Sakafu ikiwa ya udongo, mguu mmoja wa meza hutiwa kipande cha ubao ili meza isiiname. Jioni vijana huizunguka, mmoja akipaka chaki ncha ya fimbo, mwingine akihesabu sarafu mfukoni, na wengine wakitoa mashauri ambayo hayakuombwa na mtu.

Mchezo huu haukupata jina jema kwa wazee. Huhesabiwa kuwa rafiki wa uvivu na jirani wa ulevi. Mwaka 2016 Rais John Magufuli aliwakemea hadharani vijana wanaocheza pool katika saa za kazi, na kemeo lile lilikuwa na sababu, maana nchi hailimwi kwa fimbo ya pool. Lakini ubaya wa wakati wa jambo si ubaya wa jambo lenyewe. Mahali popote ambapo watu wenye kushindana hutii kanuni bila askari kuwapo, pana somo kwa mwenye kutaka kujifunza. Na mwenye hekima hadharau somo kwa sababu ya udogo wa nyumba linamofundishiwa.

Mipira inayopangwa ni 15. Saba ni ya kundi moja, saba ni ya kundi la pili, na mmoja, mweusi, hauna kundi. Mpira mweupe hauingii katika mpango, kwa sababu huo ndio utakaogonga. Mpangaji huitia mipira katika kiunzi cha pembetatu, nayo hujipanga kwa safu tano: mmoja, miwili, mitatu, minne na mitano. Mpira mweusi huwekwa katikati ya safu ya tatu, na katika pembe mbili za nyuma huwekwa mipira ya makundi mawili mbalimbali, ili pasiwe na upendeleo. Kanuni hazilingani kila mahali. Kwa desturi ya Kimarekani mpira wa mbele ndio unaokaa juu ya alama ya meza. Kwa desturi ya Kiingereza mpira mweusi ndio unaokaa juu ya alama hiyo. Lakini katika jambo moja kanuni zote zaafikiana: mipira lazima ishikamane.

Kushikamana huko ndiko moyo wa jambo hili. Mipira ikigusana kweli kweli, nguvu ya pigo la kwanza hupita kutoka mpira hadi mpira bila kupotea njiani, na mpango mzima hufunguka kama ua. Likiwapo pengo, hata lisilozidi unene wa karatasi, nguvu hupokewa vibaya na kupelekwa vibaya. Mipira ya mbele huruka, ya nyuma hubaki imelala, na mpigaji huonekana mzembe ingawa alipiga vyema. Kwa hiyo mpangaji mwema haridhiki na kuijaza pembetatu tu. Huingiza vidole nyuma ya safu ya mwisho, huisukuma mipira mbele mpaka itulie, huipeleka na kuirudisha mara moja au mbili, kisha hukiinua kiunzi kwa upole, kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala asimwamshe. Kazi hii haichukui hata dakika moja, na katika dakika hiyo mwanzo wa haki hupatikana au hukosekana.

Sasa yafaa kutazama ni nani anayepewa kazi hiyo. Kwa desturi ya mahali pengi, aliyeshinda hubaki mezani. Mpinzani mpya ndiye anayelipa; ndiye anayeinama kuikusanya mipira; ndiye anayeipanga. Akisha kupanga, husogea kando, na mshindi wa jana hupiga pigo la kwanza. Mpigaji akiwa fundi, yawezekana mpangaji asiiguse fimbo mpaka mpira mweusi umekwisha kuingia shimoni. Atakuwa ametoa fedha yake, ametumia mikono yake, na amesimama akitazama jinsi kazi yake njema inavyomwangusha. Hii si hali ya kuchekwa. Ni hali ya watu wengi duniani, wanaotengeneza barabara wasizopita na kupika vyakula wasivyoonja.

Kishawishi cha mpangaji ni kikubwa, nacho huja na hoja tatu. Hoja ya kwanza husema kwamba desturi yenyewe yamwonea. Aliyelipa angestahili kupiga kwanza, na kwa sababu hakupewa haki yake, si dhambi akijilipa kwa kuacha pengo dogo. Hoja ya pili husema kwamba pengo halitaonekana, na kosa lisiloonekana halimharibii mtu heshima. Hoja ya tatu husema kwamba wengine hufanya vivyo hivyo, na mwaminifu kati ya wadanganyifu huwa chakula chao. Hoja hizi si za meza ya pool peke yake. Ndizo hizo hizo zinazonong'onwa katika sikio la karani anayeandika orodha, la mwashi anayechanganya saruji na mchanga, na la mwalimu anayetunga mtihani wa wanafunzi wa mwenziwe.

Hoja ya kwanza yastahili jibu la heshima, kwa sababu ina kweli ndani yake. Yawezekana desturi kuwa na kasoro. Lakini dawa ya desturi mbaya ni kuisema mbele ya watu wote na kutaka ibadilishwe. Anayeacha pengo kwa siri haibadilishi desturi. Aibakisha kama ilivyo, na kuiongezea hila. Tena hila yake haimpati aliyeitunga desturi ile. Yampata mpinzani aliye mbele yake, ambaye pengine naye jana alilipa, akainama na akapanga. Kudhulumiwa hakumpi mtu ruhusa ya kumdhulumu wa tatu.

Hoja ya pili ni dhaifu zaidi, ingawa ndiyo yenye wafuasi wengi. Kosa lisiloonekana laweza kumwachia mtu heshima aliyonayo machoni pa watu. Haliwezi kumwachia ile aliyonayo kwa nafsi yake. Mpangaji aliyeacha pengo ajua kwamba ushindi wake, akiupata, si wake. Atausherehekea kwa sauti kubwa kuliko kawaida, na sauti hiyo itakuwa ushahidi. Na hoja ya tatu hujijibu yenyewe: ikiwa kila mtu ataacha pengo kwa kuwa wengine huacha, baada ya muda hapatakuwa na mchezo, bali patakuwa na watu 2 wanaobahatisha juu ya meza. Kila mdanganyifu huishi kwa uaminifu wa wengine, kama kupe anavyoishi kwa damu ya ng'ombe. Ng'ombe akifa, kupe hana pa kuhamia.

Kuna desturi ya kale ya kugawa kitu kati ya wawili: mmoja hukata, na mwingine huchagua. Uzuri wa desturi hiyo ni kwamba haihitaji wema wa mtu. Mkataji akiwa mchoyo, uchoyo wake wenyewe humlazimisha kukata sawasawa, kwa sababu ajua kwamba kipande kidogo kitakuwa chake. Katika kupanga mipira mambo yamepinduka. Hapa faida ya mpangaji yavuta upande mmoja, na haki yavuta upande wa pili. Katika bao, mchezo wa wazee wa pwani na bara, shida hii haimo kwa namna hii. Ubao una mashimo 32 na kete ni 64. Kila mchezaji huzipanga kete za upande wake mwenyewe, na mpinzani huziona. Mpangaji wa bao hujipangia; mpangaji wa pool humpangia adui yake.

Watu wamejaribu kuiondoa shida hii kwa akili. Katika mashindano makubwa mara nyingine hupanga mtu wa tatu asiye na upande. Mara nyingine mpigaji huachwa ajipangie mwenyewe. Siku hizi iko karatasi nyembamba ya plastiki yenye matundu, ambayo mipira huwekwa juu yake ikashikamana bila ustadi mwingi. Njia hizi zote zasaidia, na hapana moja inayotosha. Mtu wa tatu aweza kuwa na rafiki. Anayejipangia aweza kujiachia pengo lile ajualo kuwa litautuma mpira shimoni. Hata karatasi lazima ilazwe na mkono wa mtu, na mkono waweza kuilaza upande. Kanuni njema hupunguza mzigo wa dhamiri. Haiwezi kuubeba wote.

Wanafalsafa nao wameizunguka meza hii. David Hume wa Uskoti, katika kitabu chake cha mwaka 1748 juu ya akili ya binadamu, alitumia mfano wa mpira wa biliadi ugongao mwenziwe, akauliza mtu ajuaje kwamba jambo moja ni sababu ya jingine. Mfano ule umesomwa na vizazi vingi. Lakini ndani yake mipira imekwisha kuwekwa, na aliyeiweka hayumo. John Rawls wa Marekani, katika kitabu chake cha mwaka 1971 juu ya haki, aliukaribia zaidi mwanzo wenyewe. Alishauri kwamba kanuni za jamii zichaguliwe kana kwamba wachaguaji wamefungwa pazia, kila mmoja asijue atakuwa tajiri au maskini, hodari au dhaifu. Fikira hiyo ni nzuri. Lakini mpangaji wa Kibondo hana pazia. Ajua yeye ni nani, ajua nani atapiga, na ajua fedha iliyotoka ni ya nani. Haki anayotakiwa kuitenda ni ile ngumu zaidi: kutenda kama aliyefungwa pazia ilhali macho yake yanaona.

Yaweza kusemwa kwamba uadilifu huu ni mdogo mno kuwa na maana, kwa kuwa meza yenyewe haiko sawa. Nini faida ya kuishikamanisha mipira juu ya kitambaa kilichochakaa, katika dunia ambamo meza zote zimeinama? Pingamizi hili ni la haki, na historia ya nchi hii yalitia nguvu. Mipira ya biliadi ya zamani ilichongwa kwa pembe za ndovu, na pembe moja haikutoa ila mipira michache. Katika karne ya 19 Zanzibar ilikuwa soko kubwa la pembe, na moja ya njia zilizolilisha soko hilo ilitoka Ujiji, katika Mkoa huu huu wa Kigoma, ikapita Tabora na kushuka hadi Bagamoyo, safari ya zaidi ya kilomita 1,000. Pembe zilikwenda juu ya mabega ya wapagazi. Katika majumba ya London na New York watu waliipanga mipira kwa uangalifu mkubwa, wakasema mchezo wao ni wa haki. Na ndani ya chumba kile haki ilikuwapo. Waliobeba hawakuwa ndani ya chumba.

Kwisha kwa pembe katika mchezo huo hakukuletwa na huruma kwa mpagazi. Katika miaka ya 1860, pembe zilipokuwa adimu na za bei kubwa, kampuni moja ya Marekani iliyotengeneza meza za biliadi ilitangaza tuzo ya dola 10,000 kwa atakayepata kitu cha kuzibadili. John Wesley Hyatt alijitia katika kazi hiyo, na mwaka 1869 alisajili njia ya kutengeneza mipira isiyochongwa katika pembe. Mipira ya leo hutengenezwa kwa plastiki ngumu, na kijana wa Kasulu aishikapo hashiki kifo cha ndovu wala jasho la mpagazi. Lakini fundisho la pembe libaki. Haki ya mezani yaweza kuwa kamili kwa waliomo chumbani, na bado ikawa juu ya migongo ya wasiomo. Kwa hiyo mpangaji ana maswali mawili. La kwanza: je, mipira imeshikamana? La pili: je, ni nani aliyeingizwa katika mpango huu bila kupewa zamu?

Swali la pili ndilo linalofikisha fikira hii Nduta. Nduta ni mahali katika Wilaya ya Kibondo ambapo katika miaka ya 1990 palijengwa kambi ya wakimbizi wa Burundi. Kambi hiyo baadaye ilifungwa. Mwaka 2015 machafuko yalipozuka tena Burundi, watu walivuka mpaka kwa maelfu, kambi ya Nyarugusu katika Wilaya ya Kasulu ikafurika, na mwezi wa Oktoba wa mwaka huo Nduta ikafunguliwa upya. Kufikia mwaka 2017 ilikuwa na watu zaidi ya 100,000. Mwaka 2021 kambi ya Mtendeli ilipofungwa, wakimbizi wake walihamishiwa Nduta. Wenyeji wa nyanda hizi ni Waha, na lugha yao ni ndugu wa karibu wa Kirundi, hata mgeni aliyefika aliweza kuomba maji na kueleweka.

Mwanadamu si mpira, na kumlinganisha na mpira ni kumdhalilisha. Lakini ulinganisho wa kazi ya kupanga si dhihaka. Katika kambi kila kitu lazima kipangwe na mtu kwa ajili ya mtu mwingine: kijiji atakachokaa, namba ya nyumba yake, siku ya chakula, kipimo cha mahindi na kunde, mahali pa kuteka maji. Mkimbizi hakuyapanga haya. Kila asubuhi hukuta mwanzo wa siku yake umekwisha kuwekwa na mikono mingine. Ikiwa katika mchezo pengo la unene wa karatasi laweza kuuharibu mwanzo, katika mgawo wa chakula pengo dogo lamaanisha mtoto aliyelala na njaa. Wafanyao biashara ya nafaka walijua tangu zamani kwamba kibaba ni kimoja lakini kupima ni kuwili: kibaba cha tele na kibaba cha mfuto. Tofauti ya viwili hivyo haiandikwi katika daftari. Iko katika kiganja cha mpimaji.

Haki yadai isemwe pia kwamba mpimaji mara nyingi si mwenye ghala. Mwaka 2017 Mpango wa Chakula Duniani ulipunguza mgawo wa wakimbizi nchini Tanzania kwa sababu fedha za wafadhili hazikutosha. Mpimaji aliyesimama mbele ya foleni mwaka ule alipewa kiunzi cha mipira 15 na mipira michache kuliko 15. Hapana ustadi wa kuishikamanisha mipira isiyokuwapo. Katika hali hiyo uadilifu wa mpangaji haukuwa katika kutosheleza, bali katika mambo mawili: kuupunguza mgawo kwa wote kwa kipimo kimoja, na kusema wazi kwamba umepunguzwa. Mpangaji anayeficha upungufu huongeza hila juu ya njaa. Anayeusema humwachia mwenye njaa angalau akili ya kujua alipo.

Nao wenyeji walikuwa na swali lao. Kuni walizookota mama zao msituni ziliokotwa sasa na maelfu ya wengine, na waliokuja hawakuwa na mahali pengine pa kupikia. Mha wa kijiji cha jirani aliweza kuuliza ni nani aliyepanga kwamba msitu wake uwe jiko la watu 100,000, na Mrundi aliweza kujibu kwamba hata yeye hakuulizwa. Wote wawili walisema kweli. Dhuluma ya mpangilio mbaya ni kwamba huwagombanisha waliopangwa, na mpangaji hubaki mbali, mikono safi, akishangaa ugomvi wao.

Hapa yaonekana tofauti kubwa kati ya meza na kambi, nayo ndiyo inayolitoa jibu la swali la kwanza. Mezani, mpangaji wa leo aweza kuwa mpigaji wa kesho. Anayeinama huinama akijua kwamba akishinda mara moja, mwingine atainama kwa ajili yake. Zamu yazunguka, na kwa sababu yazunguka, hata desturi yenye kasoro yaweza kuvumilika. Kambini zamu haikuzunguka. Aliyepanga alipanga mwaka baada ya mwaka, na aliyepangiwa alipangiwa mwaka baada ya mwaka. Ikiwa uadilifu wahitajika pale zamu inapozunguka, wahitajika maradufu pale isipozunguka, kwa sababu hapo mpangaji hana hata hofu ya kulipwa kwa kipimo chake mwenyewe.

Basi wajibu wa mpangaji waweza kuelezwa kwa mambo matatu, yote yakiwa yameonekana mezani. La kwanza ni kushikamanisha: kuifanya kazi ya siri kwa namna ile ile ambayo ingefanywa hadharani. La pili ni kukubali kukaguliwa. Mchezaji mwenye adabu, kabla ya kupiga, huizunguka meza na kuitazama mipira, naye ana haki ya kusema, "Panga tena." Mpangaji mwema hakasiriki kwa neno hili, wala halioni kuwa tusi, hurudisha kiunzi na kupanga tena. Ni mpangaji mbaya tu anayedai aaminiwe bila kutazamwa. Mkimbizi aulizaye kwa nini kipimo chake ni pungufu, mwanakijiji aulizaye habari za msitu wake, na raia aulizaye habari za kodi yake, wote husema neno lile lile la mezani, na wote wastahili jibu lile lile.

La tatu ni kutamani zamu izunguke. Hili ndilo gumu, maana aliyezoea kupanga huja kuamini kwamba mikono yake ndiyo pekee iwezayo. Hupanga vizuri, hukaguliwa na kusifiwa, na bado humdhulumu mwenziwe kwa kumnyima nafasi ya kujipangia. Wema wa mpangaji usiokwisha humfanya mpangiwa kuwa mtoto asiyekua. Ikiwa zamu haiwezi kuzunguka leo kwa sababu ya vita, sheria au umaskini, mpangaji aseme kwamba hilo ni kasoro, asiliite utaratibu. Mtu aliyepangiwa kila kitu kwa miaka mingi, siku atakapopewa fimbo, huenda mkono wake ukatetemeka. Na watazamaji watasema hajui kucheza, wala hawatauliza ni kwa muda gani alinyimwa meza.

Wahenga walisema mwanzo wa ngoma ni lele. Kwa kawaida methali hii husemwa ili jambo dogo lisidharauliwe, kwa kuwa kubwa huanza hapo. Lakini lele nayo ina mwenye kuianza, na akiianza kwa sauti mbovu, wachezaji hulaumiwa kwa miguu isiyo na kosa. Nchi, shule na jamaa zote zina watu wao wanaoanzisha lele, wasiojulikana majina. Na kama pana siku ya kuhesabu wema wa watu, wao wangehesabiwa kabla ya mashujaa.

Jioni katika Kibondo kijana asiyejulikana hulipa sarafu yake, hukusanya mipira, huuweka mweusi katikati, na kuisukuma mingine mpaka isikike ikigusana. Ajua kwamba anayesubiri na fimbo ni fundi kuliko yeye. Angeweza kuacha pengo. Hukiinua kiunzi, hutazama mara ya mwisho, huusukuma kwa kidole mpira mmoja uliokuwa umejitenga kidogo, kisha hurudi nyuma na kumwambia mwenziwe, "Tayari." Huenda asipate zamu usiku ule. Lakini pigo litakapolia, mipira yote 15 itakwenda kama ilivyostahili kwenda, na kwa sehemu ile ndogo ya dunia iliyokuwa mikononi mwake, mwanzo ulikuwa wa haki.